Mdudu wa Nyumba ya Mwakio

Aliyegonga aligonga kwa kiganja, na Mkawasi akajua hapo hapo kwamba ni mtu wa ndani. Watu wa nje, wanaopanda kutoka nyanda za joto, hugonga kwa jiwe. Watu wa ndani, wa mahandakini, hawajui kugonga, hupapasa tu kwa kiganja. Milango yao huwatambua kabla hawajainua mkono.

Aliweka sahani kwenye meza ya zahanati yake ndogo, nje ya lango la mahandaki. Ilikuwa saa nne asubuhi, jua la Chyulu limeshaanza kuoka mawe meusi ya volkano, naye alikuwa akila ugali kwa pilipili ya kusaga, amesimama, kama alivyokula kila siku kwa miaka sita. Mtu asiye na mwenzake mezani huona kuketi ni kazi ya bure.

Aliyesimama mlangoni alikuwa amejikunja, mkono mmoja tumboni. Kifua cha shati lake kilikuwa kimelowa kitu cheusi, chembechembe, mfano wa machicha ya kahawa.

"Umezeeka," mtu yule alisema.

"Na wewe unatapika damu," Mkawasi alijibu. "Ingia kabla hujaanguka. Mimi sina nguvu za kukubeba, na bado naona una mifupa ya punda."

"Punda ni wewe, dada."

Hapo Mwadime, mdogo wake wa tumbo moja, ambaye hakuwa amemsemesha tangu siku Mkawasi alipofungiwa mlango wa nyumbani, alitaka kucheka, akashindwa, akaangukia kizingitini.

*

Mkawasi alimmezesha funza. Ndivyo walivyokiita chombo kile: mnyoo wa chuma wa urefu wa kidole, wenye jicho mbele na koleo ndogo mdomoni, uliofungwa kwenye uzi mwembamba ili usipotelee tumboni mwa mtu. Funza aliteremka kooni, akavuka ziwa la damu lililotuama tumboni, akajipenyeza kwenye tundu ambalo chakula hutokea kuingia utumbo mwembamba. Hapo, hatua mbili tu kutoka tumboni, jicho lake lilikiona: kidonda cha duara, cheupe katikati, na kwenye ukingo wake mshipa ulio wazi ukitoa damu kwa mapigo.

"Bana," Mkawasi alimwambia funza, na funza akaubana mshipa kwa kibanio cha fedha. Damu ikakoma. Mkawasi aliketi sakafuni, hapo hapo kando ya kitanda. Kwa wagonjwa wengine hakuketi.

Mwadime alipopata fahamu, jambo la kwanza alilofanya ni kuvuta pumzi ndefu na kuipuliza kwenye kiganja chake, kama mtu anayejinusa.

"Bado unaye," Mkawasi alisema. "Sijamgusa."

"Usimguse."

Mgeni asiyewajua watu wale angedhani wanazungumzia mtoto au mnyama wa kufugwa. Walikuwa wakimzungumzia bakteria.

Waliochimba mahandaki ya Chyulu, wakati dunia ya juu ilipokuwa haikaliki mchana, walijua hewa na maji ya ndani havitoshi watu wote. Walihitaji mlango usiodanganyika. Kadi huibwa, kidole hukatwa, uso hutengenezwa. Tumbo la mtu, walisema, halikopeki. Basi walimchukua yule bakteria aliyeishi katika matumbo ya wanadamu tangu zamani, anayejikinga na asidi kwa kuivunjavunja urea, wakamtengenezea kila nyumba wa kwake. Kila asubuhi mtu humung'unya pipi ya urea. Mdudu wa tumboni huivunja, hewa yake huingia katika damu, damu huipeleka mapafuni, na mtu anapopulizia mlangoni mlango husoma: huyu ni wa nyumba ya Mwakio, huyu ni wa nyumba ya Mutuku. Pita. Asiye na mdudu hasomeki. Hafukuzwi na mtu yeyote. Mlango tu haufunguki.

Na mdudu hutoka mdomo hadi mdomo. Mtoto anapofikisha miezi sita, kabla ya jino la kwanza, mkubwa wa nyumba humtafunia tonge la kwanza na kumtia kinywani mbele ya ukoo wote. Hutafuniwa mara moja tu katika maisha yake, akiwa na fizi tupu. Mwenye meno hatafuniwi. Mkawasi alitafuniwa na mama yake, Mwadime pia. Baadaye mdudu alianza kumla Mkawasi.

Wengi hukaa na mdudu miaka sabini bila hata kiungulia. Ila wa nyumba yao, nyumba ya Mwakio, alikuwa mkali. Alichokonoa ukuta wa tumbo, asidi ikazidi, ikamwagikia utumbo usioumbwa kuibeba. Mkawasi alipokaribia kufa kwa kutokwa damu, alichagua kufutwa: antibiotiki mbili na kidonge cha kutuliza asidi, siku kumi na nne. Kidonda kikafunga, hakikurudi. Mlango nao ukafunga.

*

"Nisikilize," Mkawasi alisema, akimnywesha uji kwa kijiko. "Kuna njia mbili. Ya kwanza, nakupa kidonge cha kutuliza asidi, wiki nane. Kidonda kitapona. Kisha kitarudi. Hapa nimewatibu watu arobaini kwa njia hiyo. Ishirini na wanane walirudi kabla mwaka haujaisha, na watatu kati yao walirudi wakiwa wamebebwa. Njia ya pili, tunamfuta mdudu. Thelathini na mmoja nimewafuta. Aliyerudi ni mmoja."

"Hao thelathini na mmoja wako wapi?"

Mkawasi alikoroga uji.

"Si nakuuliza? Wako wapi? Sioni hata viatu vya mtu hapa."

"Wameteremka nyandani. Kila mtu na njia yake."

"Umewaponya wakatawanyika kama vifaranga." Mwadime aligeuza uso ukutani. "Dada, mimi nina mtoto. Hukuambiwa. Anaitwa Wakesho, ana miezi mitatu na nusu. Mama yetu hayupo tena. Wewe umefutwa. Katika nyumba yetu mdomo uliobaki ni huu wangu. Nikifutwa nani atamtafunia? Mke wangu, Mutheu, ni wa Handaki la Tano, akimtafunia yeye mtoto atakuwa wa kwao, na mlango wetu utazibwa kwa saruji. Umeona milango iliyozibwa?"

"Nimeiona."

"Basi tibu kidonda. Mdudu niachie."

"Utamtafunia mtoto kidonda, Mwadime."

"Nitamtafunia nyumba!"

Sauti ilimchoma tumboni, akajikunja. Mkawasi alimsubiri atulie, kisha akamweleza lililobaki. Kidonge cha asidi humlaza mdudu usingizi. Kwa wiki nane hizo, na mbili zaidi za kumngoja aamke, Mwadime naye hangesomeka. Mlango ungemkataa kama unavyowakataa waliofutwa. Ilimbidi akae hapa.

"Wiki kumi na wewe," Mwadime alisema. "Afadhali kidonda."

Lakini alikubali. Wakesho angekuwa bado hajapitisha miezi sita.

Jioni ile, kabla taa za mdomo wa handaki hazijawashwa, Mkawasi alifungua kabati la dawa. Alichukua chupa ya vidonge vyeupe. Kisha mkono wake ukachukua chupa ya pili, na ya tatu, na yeye hakuuzuia. Vidonge vitatu kwenye kifuniko kimoja. Kwa wiki kumi mlango haungemsoma mdogo wake, afutwe asifutwe. Angejua ameondokewa na mdudu wakati ambapo mambo yameshakwisha, na hata wakati huo ingewezekana kusema mdudu amekufa mwenyewe.

Alikuwa na hoja, na hoja yake ilikuwa nzuri. Mtu aliyekwisha kutokwa damu mara moja, akitokwa tena, huenda asifike mlangoni. Baba aliye hai bila mdudu ni bora kuliko baba aliyekufa naye. Aliirudia hoja hiyo akipanda ngazi. Hoja ya pili hakuisema hata moyoni mwake, ila alipofika juu aliona kwamba bila kufikiri ameosha sahani mbili.

"Vyote hivi?" Mwadime aliuliza.

"Vyote. Wewe ni punda, dozi ya mtu haikutoshi."

Alicheka, akameza.

*

Siku ya tatu Mutheu alikuja kwenye dirisha la lango kuu, upande wa ndani, mtoto mgongoni. Kioo kilikuwa kinene kama tofali, na maneno yalipita kwenye bomba dogo lenye kutu.

"Wifi! Unamlisha nini mwanamume wangu? Naona mashavu yameanza kurudi."

"Ugali na matusi," Mkawasi alisema.

"Matusi hata kwangu alikuwa anapata ya kutosha. Labda ni ugali." Mutheu alimzungusha mtoto mbele, akamkaribisha kiooni. "Mwone shangazi yako. Mwambie shangazi, mimi sina jino hata moja, angalia, fizi tupu kama ajuza."

Mtoto alifungua kinywa, akalamba kioo. Mwadime alisogea akaweka ulimi wake upande wa pili, mahali pale pale, kama kichaa, na Mutheu akacheka mpaka akashika bomba asianguke. Mkawasi alisimama hatua moja nyuma yao. Alikuwa hajawahi kumwona mtoto huyo. Paji la uso lilikuwa la mama yao.

"Akina mama wa nyumba zote wameshaanza kuuliza siku ya tonge," Mutheu alisema, sasa taratibu. "Nimewaambia akitimiza miezi sita, baba yake akirudi. Atarudi, sivyo, wifi? Niambie wewe uliyesoma."

"Kidonda kinafunga vizuri," Mkawasi alisema.

Halikuwa jibu, na Mutheu hakuligundua.

Wakati wa chakula cha mchana Mkawasi aliketi. Mwadime alikuwa amemfundisha tena kuketi. Hakuweza kumvumilia mtu anayekula wima kama mlinzi. Walikula kutoka sahani moja, na Mkawasi alimsukumia mafungu manono bila kumtazama. Siku tatu tu, na tayari masikio yake yalikuwa yamezoea kikohozi cha mtu mwingine, kandambili za mtu mwingine, mtu anayelalamikia chumvi. Aliogopa alivyovizoea.

Mwadime aliacha kutafuna. Akasogeza ulimi mdomoni huku na huku.

"Dada, hizi dawa zako. Mbona nina ladha ya msumari?"

Mkawasi aliijua ladha ile. Miaka sita iliyopita aliamka nayo kila asubuhi, siku kumi na nne, kana kwamba amelala na sarafu chini ya ulimi. Si ladha ya kidonge cha asidi.

Alikuwa na majibu mepesi. Maji ya hapa yana chuma. Ni damu uliyotapika. Mwadime angeliamini lolote. Alikuwa akimtazama kwa macho yale yale aliyokuwa nayo alipokuwa mdogo akimwuliza kama mdomo wa handaki hufungwa usiku. Bado siku kumi na moja. Neno moja, na angempata ndugu wa kukaa naye mpaka uzeeni.

"Nimekuwa nikikufuta," alisema.

Mwadime hakuelewa kwanza. Kisha alisimama kwa nguvu, sahani ikaruka, ugali ukamwagika sakafuni. Alikimbilia karai, akatia vidole kooni.

"Usitapike! Mshipa utafunguka!"

"Wewe ndiye wa kuniambia nini kifunguke?" Alimgeukia, mate yakimtiririka. "Nilikuomba kitu kimoja. Kimoja! Hata mwizi huchukua cha mezani. Wewe umeingia tumboni mwangu!"

"Ungekufa, Mwadime. Nimewaona wakifa. Mwaka huu, au ujao..."

"Ningekufa nikiwa mtu wa mahali! Na ulimwangalia mtoto leo. Ulimwangalia usoni, ukarudi ukanipa zile za asubuhi mkononi!"

"Za asubuhi nilikupa kabla."

Alilisema hilo, akaona aibu ilivyompanda hadi masikioni.

"Kwa nini?" Mwadime aliuliza. Hasira ilikuwa imemchosha. Aliketi kwenye ukingo wa kitanda, ameshika tumbo. "Usinipe hesabu zako za arobaini na thelathini na mmoja. Hizo nilizisikia, nikakataa. Niambie kwa nini."

Mkawasi alipiga magoti, akaanza kukusanya ugali kwa viganja. Alikusanya mpaka chembe ya mwisho.

"Nilitaka mtu wa kula naye," alisema.

Mlangoni upepo wa joto ulisukuma mchanga.

"Siku tatu hazimuui," Mkawasi alisema hatimaye, bado amepiga magoti. "Ukiacha leo atabaki. Lakini sikufichi jambo lingine. Dawa iliyokatwa katikati humfundisha mdudu. Wale dhaifu wamekufa, waliobaki ni wale walioiweza. Siku ukibadili nia, dawa hizi huenda zisimtoe. Na huyo utakayemtafunia mtoto ndiye huyo."

"Kwa hiyo umemharibu hata huyo."

"Ndiyo."

Mwadime alinyoosha mkono. "Nipe chupa. Ya vile vyeupe tu. Nitajipimia mwenyewe."

*

Wiki zilizofuata waliishi kama wapangaji wawili waliogombana. Mwadime alihamishia mkeka wake kwenye ghala la maji, akapika chake, akala chake, na dawa yake akaimeza akiwa ameigeuzia chupa kwenye mwanga ili aone rangi ya kila kidonge. Mutheu alipokuja dirishani alizungumza naye kwa sauti ya chini, na Mkawasi hakusogea karibu. Kumbe upo upweke wa aina mbili, aligundua. Ule wa zamani ulikuwa kama chumba kisicho na mtu. Huu ulikuwa na mtu ndani yake, nyuma ya ukuta wa mabati, akikohoa.

Hakujaribu kumbembeleza. Alirudi kwenye meza yake ya kazi, akafungua visahani vya vioo, akachukua kidogo cha yale aliyoyatoa funza siku ya kwanza, mdudu wa nyumba ya Mwakio kabla hajaguswa, akamwotesha. Kisha akaomba kwa karatasi iliyosukumwa chini ya mlango wa ghala: *Naomba funza achukue mdudu wa sasa pia. Sitampa dawa. Nataka kumjua.* Karatasi ilirudi asubuhi na neno moja: *Chukua.*

Wiki ya nane funza aliteremka kwa mara ya mwisho. Mkawasi aliigeuza picha ili Mwadime aione mwenyewe. Pale palipokuwa na shimo palikuwa na kovu jeupe, limejivuta kama kitambaa kilichoshonwa na fundi mwenye haraka.

"Kimefunga," alisema.

"Na kitarudi."

"Kwa wengi hurudi. Ukiona choo cheusi, usingoje kutapika. Njoo. Hata kama hunipendi, njoo."

Wiki mbili baadaye, bila kidonge, Mwadime alimung'unya pipi ya urea na kusimama mbele ya lango kuu. Mutheu alikuwa upande wa pili, kiganja kiooni. Mkawasi alibaki kwenye kivuli cha zahanati. Alijua alichokitamani, alitamani mlango ukatae. Alijilazimisha kulitazama tamanio hilo mpaka likainamisha kichwa, naye akasema moyoni, soma, msome, msome ndugu yangu.

Mwadime alipuliza. Mlango ulikaa kimya kwa muda mrefu kuliko kawaida. Kisha ukaguna, ukafunguka kiasi cha bega la mtu.

Hakuingia. Aligeuka, akatembea hatua zote zile kurudi kwenye jua.

"Nataka zile dawa," alisema. "Zote, za siku kumi na nne. Si zangu. Za Wakesho. Kesho namtafunia, halikwepeki. Lakini akikua, akiumwa, achague mwenyewe. Sitaki achaguliwe na mimi. Wala na wewe."

"Zitakuwa zimeharibika kabla hajajua kusoma," Mkawasi alisema. "Na mdudu atakayempata hazitamtoa. Nimempima. Moja kati ya zile mbili haimsumbui tena hata kidogo. Hiyo ni kazi ya mkono wangu."

"Kwa hiyo hakuna dawa."

"Hakuna. Bado."

Mwadime aliyatafuna maneno hayo. Nyuma yake mlango ulianza kulalamika kwa kuachwa wazi, na Mutheu aliita jina lake.

"Itakuchukua miaka mingapi?"

"Sijui. Kumi. Labda zaidi. Niko peke yangu."

"Basi usife," Mwadime alisema. Hakutabasamu, wala hakumshika mkono. "Umesikia? Sijakusamehe. Lakini usife, wala usiteremke nyandani na wale wengine. Kaa hapa hapa, na kula umeketi. Mtoto akija akukute."

Akaenda. Bega likapita, mlango ukajifunga nyuma yake, na handaki likarudia mngurumo wake wa feni.

Mkawasi alisimama pale mpaka jua lilipomchoma shingo. Kisha aliingia zahanati, akafungua daftari la wagonjwa kwenye ukurasa mpya, akaandika kwa mwandiko wa kusomeka hata na mtu ambaye hajawahi kumwona: *Wakesho wa Mwadime, nyumba ya Mwakio. Miezi sita. Hajaja bado.*

Akavuta kiti, akaketi, akasogeza kisahani cha kwanza chini ya darubini.